Aliyekaa Nyuma

Ukitaka kujua kama pikipiki imechoka, usimuulize mwenyewe, muulize aliyepakiwa. Dereva amekaa katikati ya magurudumu mawili, lakini abiria yu karibu juu ya gurudumu la nyuma, na kila shimo la Kisauni humpanda hadi kiunoni. Naye akiwa ni mja mzito aendaye hospitali, hiyo ni amana nzito.

Wengi hukimbilia springi ngumu. Ni njema pakiwa na watu wawili, lakini abiria akishuka gurudumu hudundadunda, na gurudumu lililo hewani halishiki breki. Kwanza itazame pete yenye vidato iliyoshika springi. Kuizungusha hakuongezi ugumu wa springi. Huibana mapema tu, mkia usididimie. Ukiwa peke yako weka kidato cha chini, ukipakia, pandisha. Kipimo cha mafundi ni kwamba mkishakaa, shokomzoba izame kama thuluthi ya mwendo wake.

Mafuta yakivuja, basi pete haifai kitu. Springi hupokea kishindo, lakini mafuta yapenyayo vitundu vyembamba ndiyo yanayokituliza. Hapo nunua mpya, zote mbili kwa pamoja, ukipima urefu kutoka bolti hadi bolti. Zikizidi urefu, mkia huinuka na usukani huwa mwepesi mno. Nazo ziwe za uzito uuchukuao kila siku.

Ama wale abiria watatu tuwaonao Likoni, sheria ya Kenya humruhusu mmoja tu, na aliyeunda springi hakuwahesabu.