Mabaki katika Saraka: Usafi Unaotangulia Kuhamisha Barua

Ofisi yenye watumishi wengi na seva yake ya barua pepe huwa na saraka, yaani daftari la kompyuta ambamo kila mtumishi ana ukurasa wake. Humo huandikwa jina, cheo, kituo cha kazi na anwani za barua. Kila jambo linaloandikwa juu ya mtumishi huitwa sifa. Mtumishi mwenyewe huziona sifa chache tu. Zilizo nyingi huandikwa na kusomwa na mashine. Makala haya yanaeleza kwa nini sifa zilizosahauliwa huweza kumkosesha mtu barua zake pale ofisi inapohamia seva mpya, na jinsi ya kuzisafisha bila kuharibu zile ambazo bado zinahitajika.

Mabaki hutoka wapi

Mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ilitoa saraka iitwayo Active Directory, na seva yake ya barua, Exchange, ikaanza kuweka habari zake ndani ya saraka hiyo. Kila mtumishi aliyefunguliwa sanduku la barua aliongezewa sifa kadhaa, nyingi zikiwa na majina yanayoanza na herufi msExch. Sanduku likifungwa kwa utaratibu, sifa hizo hufutwa. Lakini seva ikiungua, au ikizimwa tu na kuwekwa ghalani, saraka haipati habari. Itaendelea kusema kwamba sanduku la fulani limo katika seva ambayo haipo tena.

Mabadiliko ya utawala nayo huzidisha mabaki. Mkoani Kigoma, kwa mfano, mwaka 2012 ziliundwa wilaya tatu mpya: Uvinza kutoka Wilaya ya Kigoma, Buhigwe kutoka Kasulu, na Kakonko kutoka Kibondo. Mabadiliko ya namna hii huhamisha watumishi, huzaa anwani mpya na huacha nyuma za zamani. Ichukuliwe ofisi ya afya ya kubuni, yenye makao mjini Kigoma, na vituo Ujiji na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Anwani ya mganga wa kituo kimoja imekabidhiwa mrithi wake, lakini ingali imeandikwa pia katika ukurasa wa yule aliyehamishwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona dosari, kwa kuwa hakuna mashine iliyoulizwa.

Mashine huamini inachosoma

Siku ya kuhama ndipo inapoulizwa. Programu ya usawazishaji husoma saraka ya ofisini na kuinakili katika saraka ya seva mpya. Ile ya Microsoft hufanya hivyo kila baada ya dakika 30 isipopangiwa vingine. Haipimi ukweli wa inachosoma. Mabaki ya aina tatu huleta madhara hapo.

Aina ya kwanza ni nambari ya utambulisho wa sanduku la zamani. Seva mpya ikiikuta, huhukumu kwamba mtumishi huyo tayari ana sanduku kwenye seva ya ofisini, na hivyo haimfungulii jingine, hata kama leseni yake imekwisha kulipiwa. Aina ya pili ni anwani moja iliyo katika kurasa mbili. Anwani haiwezi kuwa na wenyewe wawili. Ukurasa mmoja hunyimwa anwani hiyo, na huenda aliyenyimwa ndiye aliye kazini. Aina ya tatu ni anwani ya kuelekeza barua mahali pengine, iliyowekwa kwa muda na haikuondolewa. Barua zitaendelea kupelekwa huko, na mwenyewe hazimfikii.

Katika vituo vya mwambao, upungufu huu si wa kupuuzwa. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, na kipindupindu kikazuka. Katika hali kama hiyo, taarifa ya wagonjwa iliyotumwa asubuhi ikaishia katika sanduku lisilo na mtu ni sawa na taarifa ambayo haikuandikwa.

Kikongwe si lazima kiwe taka

Hata hivyo, kufuta kila kilicho cha zamani ni kosa jingine. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ilishushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Goetzen. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwenye kutunza daftari kwa majina peke yake angehesabu meli mbili. Na mwenye kulifuta jina la kwanza asingeweza kusoma hati za kabla ya 1916.

Saraka nayo ina jina la kale la namna hiyo. Exchange ilimpa kila mtumishi anwani ya ndani, ndefu na isiyoonekana, na barua za zamani zilizobaki katika kompyuta za wenzake hubeba anwani hiyo badala ya ile ya kawaida. Ikifutwa kabisa, mtu atakayejibu barua ya mwaka uliopita atarudishiwa jibu lake kana kwamba mpokeaji hayupo. Dawa yake ni kuihifadhi katika orodha ya anwani za ziada za mtumishi yuleyule, ikiwekewa mbele alama ya X500.

Utaratibu wa usafi

Kwanza, saraka yote inakiliwa na nakala kuwekwa mahali salama, na barua zinazohitajika katika seva ya zamani kutolewa. Pili, orodha ya watumishi inalinganishwa na daftari la mishahara, ili waliostaafu na waliohamishwa wajulikane kwa uhakika. Tatu, anwani zinazojirudia zinatafutwa. Microsoft hutoa bure programu ya kazi hiyo, iitwayo IdFix. Nne, seva ya zamani ikiwa ingali hai, masanduku yafungwe kwa amri ya seva yenyewe. Ikiwa imekufa, sifa zake zifutwe moja moja kwa orodha iliyokaguliwa. Tano, ianze kusawazishwa kurasa chache, kwa mfano za kituo cha Ujiji peke yake, na barua zijaribiwe kwenda na kurudi.

Kuna sharti moja lisilosahaulika. Ikiwa masanduku yenyewe yatahamishwa pamoja na barua zake, huku seva mbili zikiwa zimeunganishwa, nambari ya sanduku isifutwe, kwa kuwa ndiyo inayoliongoza sanduku hadi makao yake mapya. Sifa ileile iliyo takataka katika ofisi moja ni kiungo katika nyingine. Kwa hiyo fundi hana budi kujua kwanza iwapo sanduku linalotajwa na saraka lingalipo, ndipo aguse ukurasa wa mtu.