Anunuaye Mashine Anunue na Lugha Yake

Msomaji anayeishi mbali na Nairobi huenda akastaajabu akiambiwa kwamba katika mitaa ya Eastlands, nyuma ya nyumba za ghorofa za Kayole, Dandora na Njiru, kuna ng'ombe wa maziwa. Naam, wapo. Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, mikokoteni iliyosheheni nyasi hupita ikielekea vizizini. Kwa miaka mingi kanuni za jiji ziliutazama ufugaji huu kwa jicho baya, lakini mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Mfugaji wa mtaani si mtoro tena; ni mzalishaji kama wazalishaji wengine.

Hivi majuzi jirani yangu, mama mwenye ng'ombe watatu, alinijia akiwa na karatasi kadhaa mkononi. Zamu yake katika chama ilikuwa imefika, naye aliazimia kununua mashine ya kukatia nyasi. "Mwalimu," akanena, "wewe ndiwe msomi wa ploti hii. Hebu nichagulie." Nilitaka kumjibu kwamba mimi ni mtu wa sarufi, si wa mitambo. Lakini nilipozitazama zile karatasi, nilikuta zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Hapo nikatambua kwamba shauri lile lilikuwa langu pia.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Katika mashamba makubwa ya Bonde la Ufa kuna mtambo wa kuvuna malisho ambao hupita shambani ukikata mahindi mabichi, ukiyakatakata papo hapo na kuyamimina katika trela ili yakafanywe silaji. Mfugaji wa Kayole hana shamba la kupitisha mtambo kama huo. Nyasi zake hununuliwa au hukatwa kando ya barabara, nazo huletwa zizini zikiwa ndefu. Anachohitaji ni mashine ndogo ya kusimamishwa pembeni mwa zizi, ambayo watu huiita "chafkata". Jina hilo limetoholewa kutoka Kiingereza, na sikio la Mswahili hulisikia kana kwamba mashine hiyo hukata uchafu!

Faida yake ni ya hesabu tu. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Nyasi mbichi za Napier, zile ambazo wengine huziita mabingobingo, zina maji yapatayo asilimia 80. Kwa hiyo ng'ombe mmoja huhitaji kilo 60 za nyasi mbichi, na watatu huhitaji kilo 180. Akipewa nyasi ndefu, ng'ombe huchagua majani laini na kuyakanyaga mashina. Tuseme robo tu hupotea hivyo: hizo ni kilo 45 kila siku ambazo mama huyu hulipia na kisha huzitupa pamoja na samadi. Nyasi zikikatwa vipande vya sentimita mbili au tatu, ng'ombe hana nafasi kubwa ya kuchagua.

Mbele yetu palikuwa na mashine za aina tatu. Ya kwanza ni ya kuzungushwa kwa mkono. Bei yake ni nafuu, haili mafuta wala umeme, lakini kuikatia kilo 180 kila siku ni adhabu. Ya pili ni ya injini ya petroli. Hii haijali umeme ukipotea, ila kelele na moshi wake katika ploti yenye wapangaji wengi ni chanzo cha ugomvi. Ya tatu ni ya umeme. Mota ndogo ya nguvu farasi mbili au tatu huendeshwa kwa umeme wa fezi moja, ule ule uliomo majumbani mwetu, ilhali mota kubwa zaidi aghalabu hutaka fezi tatu. Atakayenunua bila kuuliza jambo hilo moja huenda akabaki na pambo zizini. Aulize pia habari za vipuri, na kama visu vinaweza kunolewa hapa hapa mtaani, kwani nyasi za kando ya barabara huja na vijiwe na nyaya zinazoharibu makali. Vitu hivyo pamoja na vipande vya plastiki sharti viondolewe kwa mkono kabla ya kukata, maana vikimfika ng'ombe tumboni humdhuru.

Lakini swali kubwa kuliko yote halikuwa la nguvu wala la bei. Mashine hii ina rola mbili zinazovuta nyasi kuelekea kwenye visu, nazo hazitofautishi nyasi na vidole. Uingereza iliyajua hayo zamani. Mwaka wa 1897 Bunge lake lilipitisha sheria mahususi kuhusu ajali za mashine za kukatia malisho zisizoendeshwa kwa mkono, likaagiza mdomo wa mashine uundwe kwa namna ya kuzuia mkono usivutwe hadi kwenye visu, na visu vyenyewe viwekewe kinga. Nasi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo hudai sehemu hatari za mashine zizingirwe. Sheria hiyo, hata hivyo, haifiki zizini kwa miguu yake. Hufika kwa maneno.

Basi maneno hayo yalikuwa ya nani? Atakayelisha mashine ile si mimi wala mama mwenye ng'ombe. Ni kijana mwajiriwa aliyeachia masomo darasa la tano. Kiswahili anakisoma vizuri. Kiingereza cha karatasi zile hakimfikii. Onyo kwamba umeme uzimwe kabla ya kuzibua nyasi zilizokwama lilikuwa ukurasa wa saba, kwa herufi ndogo, katika lugha asiyoielewa. Kwake yeye, onyo hilo halikuwapo.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Viunganishe vifungu hivyo viwili, kisha uniambie: habari isiyoeleweka ni habari gani?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya mitambo. Dai hilo limechosha. Kutokana na kitenzi "la" tumepata "lisha", na kutoka hapo tukapata "malisho" na "lishe". Mswahili alipounda kifaa cha kukunia nazi alikiita "mbuzi", na hakuna mpishi aliyewahi kukichanganya na mnyama. Lugha haikosi maneno. Hukosa watu wa kuiandika.

Hatimaye tuliafikiana na fundi mmoja wa jua kali, Kariobangi, atuundie mashine ya umeme yenye mdomo mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, na yenye kinga juu ya visu. Nami nikaketi na kuandika maagizo kwa Kiswahili. Mahali pa kuingizia nyasi nilipaita "kilishio", nikajiona nimefanya kazi ya kitaalamu. Kijana alisoma, akatabasamu. "Mwalimu, si useme mdomo tu? Mdomo huuma." Nikalifuta neno langu, nikaandika lake. Lilikuwa istilahi na onyo kwa pamoja.

Walimu wenzangu, kila mwaka twawapa wanafunzi insha kuhusu methali na siku ambazo hawatazisahau. Si vibaya. Ila muhula mmoja tuwatume nyumbani wakatafute mashine yoyote, iwe ni pampu, cherehani au mtungi wa gesi, waandike kwa Kiswahili sanifu jinsi ya kuitumia bila kuumia, kisha wamsomee yule anayeitumia na kukubali kusahihishwa naye. Nawe mwanafunzi, usidhani kwamba hiyo ni insha ya alama ishirini tu. Huenda ikawa ni vidole vya mtu.