Chura wa Manyunyu ya Kihansi

Kila mtu akaaye kando ya Ziwa, tangu Ukerewe hata Magu na Mwanza mjini, aijua sauti ya vyura. Mvua za kwanza zinyeshapo majaruba ya mpunga hujaa maji, na usiku huo huo vyura huanza kuimba hata mtu asipate usingizi. Baadaye watoto wachungao ng'ombe huyaona mayai yao majini, kama ute wenye madoadoa meusi. Mayai yakianguliwa hutoka viluwiluwi, wenye mkia na wasio na miguu. Siku zikipita miguu huota, mkia hupotea, na kiluwiluwi huwa chura. Mambo hayo twayafundisha shuleni, na mwanafunzi ajuaye kuyaandika kwa utaratibu hupewa alama zake zote.

Walakini mwanafunzi mmoja alinipa swali lisilomo katika masomo hayo. Aliona kitabuni picha ya mnyama mfano wa mjusi, naye ameandikwa kuwa ni jamaa ya chura. Akauliza, "Mwalimu, huyu hapa kwetu yupo?"

Mnyama huyo huitwa salamanda. Ana miguu minne na mkia mrefu, lakini hana magamba kama mjusi. Ngozi yake ni laini tena yenye unyevu, kama ya chura. Katika Afrika yote kusini ya jangwa la Sahara hayupo hata mmoja. Katika bara letu hupatikana kaskazini tu, kama Moroko na Aljeria. Huko Asia wako salamanda wa vijito vya milimani, katika nchi za Uchina, Irani na Afghanistan. Hupenda maji ya baridi, safi, yaendayo mbio. Wengine hubandika mayai yao chini ya mawe katika mifuko ya ute ili mkondo usiyachukue. Salamanda wa milima ya Paghman, magharibi ya mji wa Kabul, hakai mahali pengine popote duniani. Kijito chake kikigeuzwa njia ili kumwagilia mashamba, hana pa kwenda, maana nchi kavu yenye jua kali humuua.

Basi nilimjibu kijana kwamba salamanda hatunaye, lakini katika nchi yetu yuko chura aliyefungamana na maji yake kuliko hata salamanda huyo. Ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake.

Mbali na hapa, upande wa kusini, Mto Kihansi hushuka kutoka milima ya Udzungwa kwenda bonde la Kilombero. Katika korongo lake yapo maporomoko makubwa. Aliyepata kusimama juu ya mawe ya Mwanza siku ya upepo mkali, mawimbi yakipiga, ajua jinsi maji yapasukavyo yakawa kama moshi na kumlowesha mtu uso. Kihansi moshi huo wa maji ulikuwa haukomi, mchana wala usiku, masika wala kiangazi. Chini ya maporomoko majani mafupi yalikuwa yakilowa daima, na mahali palipolowa hivyo palipata ekari tano tu, yaani kama shamba la mtu mmoja. Humo ndimo alimokuwa akikaa chura huyu, wala hajapata kuonekana akiishi porini mahali pengine.

Rangi yake ni ya manjano kama dhahabu. Jike hafiki sentimeta tatu kwa urefu, na dume ni mdogo zaidi. Aweza kukaa juu ya kidole gumba. Lakini ajabu yake kubwa ni kuzaa. Hatagi mayai. Watoto hukua tumboni mwa mama, na ngozi ya tumbo ni nyembamba hata huweza kuonekana ndani yake. Wazaliwapo ni vyura kamili, wenye miguu yote minne, kila mmoja mkubwa kidogo tu kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Hapana kiluwiluwi. Mtu akifikiri mahali penyewe hashangai sana, kwa kuwa kwenye mteremko ule upigwao na maji hapana dimbwi tulivu la kulelea viluwiluwi. Jamaa zake wazaao hivyo wako katika milima mingine ya Tanzania, na tangu mwaka 1905 Mjerumani Tornier aliwaeleza wataalamu habari za mmoja wao. Vyura wa namna hii ni wachache mno duniani.

Chura wa Kihansi mwenyewe hakujulikana na wataalamu mpaka mwaka 1996, na wakati huo kazi ya kujenga bwawa la umeme juu ya maporomoko ilikuwa imekwisha anza. Ilipofika mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji, yapata tisa katika kumi, ilikuwa imeingizwa katika njia ya chini ya ardhi ili kuzungusha mitambo yenye nguvu ya megawati 180. Manyunyu yakapungua, majani yakaanza kukauka.

Sisemi bwawa lilikuwa kosa. Umeme wa Kihansi huingia katika njia kuu ya umeme ya nchi, ile ile ifikayo Mwanza, na taa niandikiayo maneno haya yawashwa nao pamoja na umeme wa mito mingine. Tena sisi watu wa Ziwa tusijifanye wageni wa mambo haya. Sangara alipotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, furu walikuwa wa aina mamia. Miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa hazionekani tena nyavuni. Sangara amejenga nyumba nyingi za mabati. Furu hakuulizwa.

Kihansi walau waliuliza, ingawa kwa kuchelewa. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji juu ya majani, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Kwanza mabomba yalileta matumaini. Mwezi wa Juni 2003 vyura wa korongoni walikisiwa kuwa yapata 20,000. Mwezi wa Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Kuvu mbaya iuayo vyura katika nchi nyingi ilikuwa imeingia. Nayo hushika ngozi, na chura hunywa maji na kuvuta hewa kwa ngozi yake. Wengine huitilia shaka pia tope iliyofunguliwa kutoka bwawani, kwamba ilichukua dawa za mashambani. Mwaka 2009 chura huyu aliandikwa kuwa ametoweka porini.

Kule Marekani nako walikufa kwa wingi, hata wakabaki chini ya mia, mpaka watunzaji walipojifunza chakula, mwanga na maji yawafaayo. Ndipo walipozaana. Mwaka 2010 vyura mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarejesha korongoni kwao, nayo ilifuatwa na safari nyingine.

Kijana yule alipokwisha kusikia habari hizi aliuliza neno moja tu: vyura waliozaliwa Marekani waliwezaje joto la Dar es Salaam? Nikamwambia kwamba hawakulionja. Walitengenezewa chumba chenye ubaridi, na maji yakawa yakirushwa humo kwa mabomba membamba, kama moshi, ili wakae katika manyunyu ambayo wao wenyewe walikuwa hawajapata kuyaona mtoni.