KUTOKA MAGUNGA HADI NEW YORK: TUHESABU SAA VIZURI



Vikundi vyetu vingi huombwa kuchangia nauli ya ndege. Kijana amepata nafasi ya masomo Marekani, au binti anakwenda kufanya kazi Dubai. Harambee inafanywa, ng'ombe anauzwa, tiketi inanunuliwa. Halafu kosa dogo tu la kusoma saa linaweza kupoteza pesa hizo zote. Basi tuangalie mambo matatu.

1. Umbali

Ndege haifuati kona za barabara. Dunia ni mviringo kama chungwa. Ukivuta uzi juu ya chungwa kutoka alama moja hadi nyingine, hapo unapata njia fupi. Kwa njia hiyo, Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,500. Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800.

2. Muda wa kuruka

Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,800 kwa 900, utapata saa 13 na kidogo. Lakini ndege huenda polepole ikipaa na ikitua. Tena huko juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anapambana nao, anayerudi anasukumwa nao. Ndiyo maana Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja, Oktoba 28, 2018, ilihesabu kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Ukipitia Doha au Amsterdam, ongeza saa za kungoja ndege ya pili.

3. Saa za tiketi

Hapa ndipo watu hupotea. Tiketi huandika saa za kila mji. Wakati wa baridi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Wakati wa joto, saa 7. Tuseme ndege imeondoka Nairobi saa tano usiku, mwezi wa Januari. Baada ya saa 15, kwetu ni saa nane mchana, lakini kule ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukitoa tu saa za tiketi utadhani ni safari ya saa 7!

Jambo la hatari zaidi ni usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku ule sisi tunaouita wa Jumatatu. Abiria awe uwanjani Jumatatu jioni. Akienda Jumanne jioni, ndege ilishaondoka zamani.

Tujiandae

Afike uwanja wa ndege saa 3 kabla ya kuondoka. Kutoka Magunga asisafiri siku ileile. Mvua, matope au gari kuharibika humaliza saa nyingi kuliko anga. Alale Nairobi kwa ndugu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani kati yetu husoma tiketi pamoja na familia kabla ya siku ya safari?
2. Je, bajeti ya harambee inahesabu basi, chakula na malazi ya Nairobi, au nauli ya ndege peke yake?

Mungu awalinde wasafiri wetu wote.