Mpe kombe, atazaa: samaki mdogo wa Tanganyika sebuleni

Kusini mwa Ziwa Tanganyika kuna mahali ambapo mchanga umefunikwa na makombe ya konokono. Maji ya ziwa hilo yana chokaa nyingi, hivyo konokono akifa kombe lake haliyeyuki upesi. Ndani ya makombe hayo ndimo anamoishi samaki aliyepewa jina la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus na George Boulenger mwaka 1906. Ni wa ukoo mmoja na sato, lakini dume lake halizidi sana sentimita 4, na jike ni dogo zaidi.

Kwa udogo huo, tangi la lita 60 linatosha ukoo mzima. Tandaza mchanga laini wenye kina cha sentimita 5 hivi, kwa sababu samaki hawa ni wachimbaji: hubeba mchanga mdomoni na kuyafukia makombe yao watakavyo. Weka makombe mengi kuliko samaki. Ya konokono wa bustanini yanafaa, mradi yachemshwe na kuoshwa vizuri.

Kazi kubwa iko kwenye maji. Ya mvua hayafai, kwani hayana chokaa. Changanya mawe ya chokaa kwenye mchanga au chujio. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Maji ya bomba yenye dawa yatibiwe kwanza. Kisha liache chujio lifanye kazi wiki 4 hadi 6 kabla ya kununua samaki wengi, ili bakteria wanaomeza sumu ya kinyesi wapate kuzaliana. Wengi huruka hatua hii, samaki wakafa, lawama zikatupiwa muuzaji.

Kuzaa hakuhitaji ujanja. Jike hutaga ndani ya kombe, dume likamwaga mbegu mlangoni. Siku chache baadaye vitoto huchungulia nje. Wape chakula kilichosagwa kama unga, na usiwatenge: wazazi huwavumilia, na vizazi kadhaa hukaa pamoja. Badili robo ya maji kila wiki.

Usiwachanganye na mbuna wa Ziwa Nyasa, ni wakubwa na wakorofi. Na watoto wakizidi, wagawie wafugaji wenzako. Usiwamwage mtoni wala bwawani. Huko si kwao, na samaki mgeni anaweza kuharibu maisha ya wenyeji.