KUTENGENEZA TOVUTI: MLANGO WA RIZIKI KWA ASIYE NA UZOEFU



Wapo wenzetu waliomaliza shule, sasa wanalima mpunga au wanaendesha bodaboda hapa Ifakara, wanaodhani kazi ya tovuti ni ya wenye digrii tu. Sivyo. Wavuti aliyoibuni Mwingereza Tim Berners-Lee iliachiwa watu wote mwaka 1993 bila malipo. Kinachotakiwa ni subira.

1. Anza na HTML, inayopanga maandishi na picha. Fuata CSS, inayotia rangi na mpangilio. Kisha JavaScript, inayoufanya ukurasa utende kazi. Usiruke hatua.

2. Kompyuta ya kawaida yatosha. Ukurasa unaouandika hufunguka humo humo hata pasipo intaneti. Bando litumie kupakua masomo.

3. Asiye na uzoefu huulizwa, "Umefanya nini?" Basi mtengenezee mwenye mashine ya kukoboa mpunga ukurasa wenye bei, mahali na simu. Hiyo ndiyo shahada yako ya kwanza.

4. Chunga amana. Usichukue picha za watu bila idhini. Mweleze mteja mapema kwamba jina la tovuti, kama lile la .co.tz, hulipiwa kila mwaka.

Usiache shamba kwa pupa. Jifunze saa moja kila siku baada ya Isha, na uhame pale kazi mpya itakapoanza kukulisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Wabillahi tawfiq.