Je, Wajua? Pateni Moja, Magauni Elfu

Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya Jiji la Dodoma, wizara zimeshahamia na watumishi wanataka kupendeza. Mafundi cherehani wapo. Ila kuna kazi nyingine jirani na yao: kuchora pateni, yaani karatasi ya kukatia nguo, kuikuza kwa saizi zote, kisha kuuza karatasi yenyewe badala ya nguo. Kabla hujanunua rula na karatasi ya kaki, pitia haya.

Je, wajua biashara hii ilikolezwa na mke aliyechoka? Ellen Butterick wa Sterling, Massachusetts, nchini Marekani, alitaka kumshonea mwanawe bila kuchora vipimo upya kila mara. Mumewe Ebenezer, fundi wa nguo, alianza kuuza pateni za saizi mbalimbali mwaka 1863. Za kwanza zilikuwa za karatasi ngumu. Akahamia karatasi laini, kwa kuwa inakunjika na inasafiri kwa posta.

Je, wajua mafundi walichapishiwa vitabu vya kukata nguo karibu miaka 300 kabla ya hapo? Juan de Alcega alitoa chake Madrid mwaka 1580. Hangaiko lake ni lile lile la fundi wa leo: vipande vipangwe vipi ili kitambaa kisipotee.

Je, wajua Ugogo, eneo hili la Dodoma, ilipima nguo kwa umakini zamani sana? Misafara ya karne ya 19 iliyopita hapa ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, na nguo ilikuwa malipo makubwa. Doti moja ilihesabiwa mikono minane, yaani yadi nne.

Je, wajua pateni ya ng'ambo inaweza kukupunja kitenge? Nyingi hupangwa kwa kitambaa cha upana wa inchi 60. Kitenge kina kama inchi 45. Halafu kuna maua: kitenge chenye ndege wakubwa hakikatwi kwa kugeuza vipande juu chini, la sivyo mgongoni ndege watasimama kwa vichwa. Andika kwenye jalada yadi za kitenge cha kawaida, na yadi za kitenge chenye upande mmoja wa juu.

Je, wajua saizi za Marekani zilitokana na miili ya nani? Mwaka 1939 na 1940 walipimwa wanawake wapatao 15,000, na vipimo vya wasio Wazungu vikawekwa kando. Ndipo ikatoka orodha rasmi ya saizi mwaka 1958, ikafutwa 1983. Kwa hiyo usinakili jedwali la watu. Chukua tepu, pima kifua, kiuno na hipsi za wateja wako, uandike jedwali lako.

Je, wajua kukuza saizi si kuongeza sawasawa kila upande? Mtu akinenepa, bega halitanuki kama kiuno. Ukipeleka pateni kwenye mashine ya fotokopi na kuikuza yote, shingo ya gauni itamwanguka mvaaji mabegani.

Je, wajua serikali ina waraka wa mavazi ya watumishi wa umma? Hautaki nguo fupi, za kubana wala zinazoonyesha mwili. Anayechora pateni ya sketi ya kazini kwa soko la Mtumba ausome kwanza, ndipo aamue pindo liishie wapi.

Je, wajua karatasi 16 za A4 zinatosha kufunika A0 moja, na A0 ina eneo la mita moja ya mraba? Ndiyo maana pateni inayotumwa kwa simu huchapwa vipande vipande na kuunganishwa kwa selotepu. Asiyependa kubandika apeleke faili kwenye duka linalochapa ramani za majengo. Mashine inayochapa ramani huchapa na pateni.

Je, wajua kisanduku kidogo pembeni ya pateni kinaokoa gauni zima? Huchorwa sentimita 10 kwa 10. Kikipimwa baada ya kuchapwa kikatoka 9.6, printa imepunguza ukubwa, na kifua cha sentimita 100 kimebaki 96. Mteja atalaumu pateni.

Je, wajua kitambaa cha marekani kinafaa sana kwa nguo ya majaribio? Ni cha pamba, hakina maua ya kuficha kasoro, na kalamu inaandika juu yake. Shona kila saizi, mvalishe mtu, mwambie akae na ainue mikono. Kitu kikivuta, rudi kwenye karatasi.

Je, wajua mchoro wako unalindwa tangu siku uliyouchora? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haidai usajili kwanza, na ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini wazo halilindwi: aliyeona mkono wa puto kwenye gauni lako anaweza kukaa chini akachora wa kwake.

Je, wajua jina linaweza kuishi kuliko mshono? Khanga zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla zilianzia kwa mfanyabiashara wa Mombasa karne ya 19, na jina hilo bado linajulikana. Tanzania Bara, alama ya biashara iliyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, hulindwa miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi.

Je, wajua wachoraji wengi wa ng'ambo huandika "kwa matumizi ya nyumbani tu"? Wateja wao hujishonea wenyewe. Hapa mnunuzi wako mkubwa ni fundi, anayeletewa kitenge cha sare ya Siku ya Wanawake na kina mama ishirini wenye maumbo ishirini. Ukimkataza kushona kwa biashara, umemfukuza. Andika hivi: ruksa kushona na kuuza nguo, marufuku kutoa nakala ya karatasi.